Pongo wa Mandawa

Scola, shika simu vizuri usije ukaidondosha.

Si unamjua mume wangu na uwindaji wake? Msimu haujafunguliwa, kibali bado anakifuatilia, lakini leo asubuhi kaenda Mandawa eti kusoma nyayo. Kaona alama za kwato, moyo ukamdunda: pongo, tena dume! Kazifuata mpaka kwenye mikorosho, akaanza kutambaa kwa tumbo. KWA TUMBO, Scola!

Akafunua majani taratibu. Mbuzi. Ana kamba shingoni.

Na aliyeshika kamba ni mama yangu mzazi. Mkwewe!

Mama kamuuliza, "Baba, kulikoni huko chini?"

Mwanaume mzima kajibu, "Shikamoo mama. Natafuta mtandao."

Natafuta mtandao! Kalala kifudifudi!

Mama akamwambia, "Mtandao unapatikana pale juu ya kichuguu, baba."

Aliponisimulia nilicheka mpaka machozi. Sasa jioni hii mama kaja mwenyewe, kamfunga yule mbuzi mlangoni kwangu. Mume wangu hata hakumuuliza kitu. Kanigeukia mimi:

"Yasmini, mumeo unamlisha nini?"