Maji ya Mgongo wa Aisha

Koboko, Ijumaa. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Mimi nami siwezi kutulia. Maabara ya hospitali, ninakofanya kazi, nimeifagia hadi sakafu imechoka.

Jumatano Mama Zaitun alimleta binti yake kutoka Midia kwa boda boda. Aisha bado yuko shule ya msingi. Shingo ilikuwa imekakamaa, mwili unawaka, hajui aliko. Daktari alimchoma sindano mgongoni, akatoa maji kidogo kwenye kichupa, kisha akamwanzishia dawa. Maji hayo kwa kawaida huwa maangavu. Ya Aisha yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

Kuotesha bakteria hapa kwetu hatuwezi. Lazima yapelekwe hospitali kubwa ya Arua. Nikasema nitayapeleka mwenyewe.

Candia, dereva wetu, alinifungulia sanduku la barafu. Nikakataa.

"Hii hapana kwa barafu," nikamwambia. "Baridi itaua kadudu. Ikikufa, hatutajua ni gani."

Hakubishana. Lakini njiani tulikuta lori la muhogo limepinduka, barabara imefungwa. Nilishika kichupa ndani ya kopo lake, kopo ndani ya mfuko, mfuko mapajani, na kila tulivyongoja niliwaza vile vidudu vinakufa kimoja kimoja. Candia akapandisha vioo vyote bila kuambiwa. Tulitoka jasho pamoja mpaka watu wakatupisha pembeni.

Arua, mtaalamu alipaka tone kwenye sahani ya kuoteshea, akaiingiza kwenye kabati la joto. Akasema sasa tungoje.

Kungoja sikuwezi.

Jana walipiga simu: bakteria wameota. Leo asubuhi wakapiga tena: dawa tuliyoanza nayo inawaua. Nilikimbia wodini na habari hiyo kama mtu aliyebeba chakula cha moto.

Aisha alikuwa macho, anakunywa uji. Mama yake alinishika mkono.

"Mutoto iko macho," akasema. "Lakini mimi naita, yeye hasikii."

Daktari alisimama nyuma ya kitanda, akapiga makofi. Aisha aliendelea na uji wake. Daktari akaeleza kwamba homa hii ya uti wa mgongo hupenda kugusa masikio. Huenda kusikia kutarudi, huenda kusirudi. Akipata nguvu atapelekwa Arua kupimwa.

Nami nikatoa habari yangu: majibu yamekuja, dawa iko inafanya kazi.

"Basi ataishi?"

"Ataishi, Mama."

Mama akazunguka kitanda, akakaa mahali Aisha angeuona uso wake vizuri. Akamwambia polepole, kwa midomo zaidi kuliko sauti: utapona. Aisha akaitikia kwa kichwa.

Nimerudi maabara. Nakaa, nainuka, nakaa tena. Alielewa neno, au aliona tu uso wa mama yake?