Funda Moja Siku ya Kukuzika

Mke mwenzangu mpendwa, Mama Yohana,

Miaka minne tuliishi Ihumwa, nyumba zetu zikitazamana, bila kupeana hata salamu. Mume wetu alipopunguzwa kazini kule karakana ya Kizota, akaaga kwamba anakwenda machimboni na asirudi, kila mmoja wetu alimlaumu mwenzake. Mimi nikaanza kupika pombe ya mtama ili watoto wale. Nikawa nainywa kabla ya wateja.

Asubuhi ile uliponikuta nimelala vumbini nje ya kilabu, nilijua umekuja kunicheka. Ukachuchumaa. "Na mimi nakunywa," ukasema. "Gongo, kwa kujificha. Leo siku ya sita sijaigusa, na peke yangu siwezi. Amka."

Siku tatu nilitetemeka kitandani kwako, nikatapika hata maji. Nilikutukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Ulininywesha uji wa uwele kwa kijiko, na mkono wako nao ukitetemeka. Baadaye wakaja Mama Sada, muuza mitumba, na Bibi Eliza, mwalimu mstaafu, nao wakitaka kuacha. Kila Alhamisi jioni tulikaa mkekani kwako tukaambiana ukweli. Dawa nyingine hatukuwa nayo.

Miaka minane, dada. Kisha tumbo lako likajaa maji. Daktari akasema ini liliharibika zamani, kabla hujaacha. Uliacha pombe, na bado ikakuua. Hilo sijalisamehe.

Siku ya kukuzika, shangazi yake mume wetu alinipa kibuyu. "Kunywa, mwanangu, upunguze mawazo."

Nilikunywa. Funda moja. Nikakirudisha, nikaenda kukaa nyuma ya ghala mpaka watu walipotawanyika.

Alhamisi niliwaambia wenzetu. Nilidhani watanifukuza. Mama Sada alilia. Bibi Eliza alisogea tu, akanipisha nafasi, akasema, "Kaa, mwanangu. Hata mimi siku ile nilikitazama sana kile kibuyu."

Chumba chako cha mkeka kimekuwa kikubwa mno tangu uondoke. Kila jioni upepo unaniletea harufu ya kilabu hadi mlangoni kwangu, nami nafunga mlango na joto lote hili. Nimeanza kuhesabu upya. Leo ni siku ya kumi na moja.

Ungekuwa hai, ungekuwa wa kwanza kuambiwa. Nisamehe, dada. Sasa umekuwa wa tatu.

Lala pema.

Mke mwenzako,
Mama Neema