Karanga Zisizouzika

Jumanne, 1 Julai 2025
Baridi hii! Gunia la karanga limenyonya unyevu wote wa mtaa huu wa Shauri Moyo. Nimechambua mpaka macho yanauma. Nzuri ni za wateja. Zile zilizokunjamana, zenye vumbi la kijani, nazikaanga na kuzisaga kwa uji wa Sirad, mke wa mwanangu, ana mimba. Nitupe chakula? Sikulelewa hivyo. Lakini huyu hana shukrani — kaonja, kakunja uso, eti uji mchungu. Nikamwambia uchungu ndio dawa yenyewe, anywe. Kanywa. Mimba mbili zishamtoka, ana haki gani ya kuchagua?

Ijumaa, 4 Julai
Sirad karudi kutoka kliniki analia. Mtoto hakui vizuri tumboni. Kwani nilitegemea nini? Nikamwambia Mujahid, tena kwa sauti: kule mtaa wa Mbotela kuna msichana, Hayat, nyonga zake zinaonekana hata ndani ya buibui. Aoe tumbo linaloshika! Mwanangu kajibu chini chini, "Mathe, wacha. Tungoje huyu kwanza." Jikoni mfuniko ukaanguka. Amesikia. Vizuri. Jioni nikamwongezea uji.

Jumatano, 9 Julai
Celine, nesi anayenunua karanga kwangu, kaona beseni la mbovu. "Mama Mujahid, hizo ni za kutupa, si ndio?" Nikasema za nyumbani. Akashtuka! Eti kuvu hiyo ina sumu, na kukaanga hakuimalizi. Eti inahusishwa na watoto kudumaa tumboni, na wengine wanasema hata kushika mimba kunakuwa shida. Na mimba zikitoka je? Nikauliza kama mtu wa kuuliza tu. Hawezi kuapa, akasema, lakini mjamzito asiziguse kabisa. Nikamfungia karanga zake, nikamwambia aniachie biashara yangu.

Nimeogopa. Si kwa ajili ya Sirad — Mujahid akijua, hatanisamehe maisha. Basi nimeacha kupika uji. Na sijamwambia mtu.

Jumamosi, 12 Julai
Nimerudi kutoka sokoni, nakuta Sirad jikoni anatwanga. Beseni sikulimwaga — mjinga mimi! Yeye furaha tele. Eti "Mama, usijisumbue, nimejua kupika mwenyewe." Tangu nilipoacha, anachagua zile chungu zaidi, eti ndizo zenye nguvu. Leo atamtilia Mujahid kikombe chake pia, ili mtoto apate nguvu za baba. Mujahid kanikazia macho. "Mathe, ulimchoka ama? Mbona uliacha kumpikia?"

Nikisema msinywe, wataniuliza nimejua lini. Nikasema kichwa kinaniuma.

Nimejifungia chumbani. Nasikia wanacheka. Mjukuu wangu yumo tumboni humo, najua, najua! Mujahid anaita tena mlangoni — uji umeiva, sukari iko wapi?

Juu ya kabati, nimemwambia.