Chupa ya Daktari, Dawa ya Mtandaoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza niahidi hutanicheka, maana kwa kuchekwa nimeshachekwa vya kutosha na ndiko balaa hili lilikoanzia. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama yangu na paka wetu dume tunayemwita Bosi, ambaye kazi yake ni kulala juu ya vitambaa vya wateja wangu na kula, na kwa kula hana mpinzani. Ng'ambo ya barabara kuna daktari wa wanyama, mtu mwema sana, hata makoti yake meupe ninamshonea mimi, ila ana utaratibu wake mmoja: hupewi dawa yoyote, hata ya viroboto, mpaka mnyama wako apande mizani, na mizani yenyewe iko palepale mbele ya benchi la wanaosubiri, na yeye sauti yake hajui kuipunguza. "Kilo saba na nusu! Dada fundi, huyu ni paka au mto wa kochi?" Benchi zima likaangua kicheko, hadi mzee aliyeleta mbuzi mgonjwa. Mshauri, nilitamani ardhi inimeze.

Basi viroboto waliporudi nikajisemea, safari hii siendi kule kuumbuliwa, nikaingia mtandaoni, nikaagiza dawa ya matone, na mtu wa pikipiki akaniletea hadi mlangoni bila kuuliza habari za kilo. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mbwa, nikasema kiroboto ni kiroboto, kwani yeye anajua anamng'ata nani? Tena nikaimimina kwenye chupa ya zamani ya daktari, kwa sababu mama yangu haamini kitu kisichotoka kwa daktari na angenihoji mpaka niseme yote. Nikampaka Bosi shingoni asubuhi. Mchana akaanza kutetemeka mwili mzima, ute unamtoka, miguu haimbebi, nikamtia kwenye kapu la vitambaa nikavuka barabara nalia. Daktari akaniuliza, "Umempaka nini?" Mama yangu yuko nyuma yangu, benchi zima linanitazama, nami nikanyoosha mkono wenye ile chupa nikasema, "Dawa yako, daktari."

Bosi alioshwa, akachomwa sindano, akalazwa siku tatu, na sasa amepona, amerudi juu ya vitambaa vyangu. Lakini mimi ndiye ninayeugua. Maana pale kliniki chupa tunarudisha zikajazwe kutoka kwenye galoni kubwa, na anayejaza ni mama wa dirisha la dawa, mwanamke mwenye watoto wanne ambaye sijawahi kusikia amekosea kitu. Daktari ameamini aliyeharibu ni huyo. Amemwambia akae nyumbani mpaka chupa ipimwe maabara, galoni amelifunga, watu wa viroboto anawarudisha mikono mitupu, na juzi, mshauri, alikuja nyumbani kuniomba radhi! Kasimama mlangoni, kofia kaivua, mkononi ana mfuko wa chakula cha paka cha kupunguza unene. Mama yangu ananiambia, "Mjibu mtu, anakuomba radhi." Nikamjibu, "Nimekusamehe, daktari." Na Bosi chakula hicho anakila kutwa kucha. Sasa nishauri: ningoje majibu ya maabara, au nihame mtaa, au nimshonee daktari koti jipya la bure yaishe? Na je, kununua vitu vya paka mtandaoni ni kosa?

Ni mimi, Fundi Mwenye Haya

*

Fundi Mwenye Haya,

Haya zipi hizo? Nilikuwa nimejitahidi nisicheke, nikashindwa pale ulipomsamehe daktari. Umempaka paka sumu, ukamsingizia mtu, mtu akaja na kofia mkononi kukuomba radhi, nawe ukampa radhi na mfuko ukaupokea! Loo, una moyo wewe.

Nianze na jepesi. Kununua mtandaoni si kosa. Brashi, kitanda, sahani, mchanga wa choo, agiza mpaka mtu wa pikipiki amzoee Bosi. Lakini dawa si brashi. Dawa nyingine za mbwa humuua paka, na hata iliyo ya paka kipimo chake hufuata uzito, ndiyo maana jirani yako ana mizani. Ile picha ya mbwa haikuwa pambo, dada yangu. Siku nyingine ukiona dawa mtandaoni, mwonyeshe daktari kabla hujalipa, akisema ndiyo, nunua. Na usihamishe dawa chupa, hata kama mama yako ana maswali kuliko polisi.

Kwa kuchekwa, pole, nakuambia kwa dhati. Daktari hana sababu ya kutangaza kilo za watu kama mtangazaji wa mpira, na unayo haki ya kumwambia. Ila mwambie mwisho, si mwanzo, usije ukajificha nyuma ya hasira.

Sasa sikiliza vizuri. Umeniandikia habari za Bosi, za aibu yako, za koti. Mama wa dirisha umempa mistari miwili. Huyo mwanamke yuko nyumbani leo, anajiuliza mkono wake ulikosea wapi, na mkono wake haukukosea popote. Wewe unalijua hilo peke yako mtaa mzima. Unawezaje kushona?

Boksi lenye picha ya mbwa bado unalo, mafundi hamtupi kitu. Lichukue, na dawa kama ilibaki uichukue, na Bosi mtie kapuni. Anzia kwa mama wa dirisha, leo hii, nyumbani kwake, umwambie kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa mwingine. Akikutukana, kaa utukanwe. Kisha ongozaneni hadi kliniki, na mama yako mpitie njiani. Daktari usimvute pembeni ukamnong'oneze: uongo uliusema mbele ya benchi, na ukweli useme palepale, kwa sauti, wakiwa wamekaa. Maabara usiingoje, maana itakusema kabla hujajisema. Mfuko wa chakula urudishe, kama Bosi amebakisha kitu.

Ukishamaliza, mtoe Bosi kapuni umpandishe mizani, na kwa anavyokula hiyo radhi naziona kilo nane zinakuja. Daktari atazitaja, benchi litacheka. Wewe usilitazame benchi, tazama dirishani, mwenyewe atakuwa amerudi mahali pake. Mama wa dirisha naye akicheka, nenda zako kashone.