Joka Linalopika Maharage

Ijumaa, mwezi wa kumi na moja. Kirushya.

Mvua imepiga tangu saa saba mchana, imekatika sasa hivi. Viatu vyangu vimejaa tope, chakula kimepoa mezani, na mimi nimekaa mlangoni nacheka peke yangu. Jirani amepita akanitazama mara mbili. Anitazame tu.

Leo nimeshinda.

Nianzie mwanzo, maana wiki hii yote sikuandika kitu kwa hasira. Mimi nafundisha darasa la awali, watoto wa miaka mitano na sita. Wengi wanakuja shuleni na Kihangaza chao kizuri cha nyumbani, Kiswahili wanakutana nacho kwangu. Kabla ya kuwapa herufi, lazima mkono uzoee kupinda na kukata kona. Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nikawafundisha kuchora joka. Joka lina kila kitu anachohitaji mtoto anayejifunza kuandika: tumbo la mviringo, mgongo wa kona kona, mkia wa kujikunja, macho mawili ya duara.

Hakuna aliyewahi kuona joka, hata mimi. Tukalijenga kwa vitu tunavyovijua. Tumbo ni kiazi kitamu. Mgongo ni meno ya msumeno. Mabawa ni jani la mgomba lililochanwa na upepo. Hapo nikajisifu moyoni, nikaongeza pembe, na pembe ndizo zilizoniponza. Nilizichora ndefu mno, zimepinda kama za ng'ombe wetu wa huku. Darasa zima likapumua kwa nafuu: kumbe ni ng'ombe! Nilipopita kukagua, majoka yote yalikuwa na kiwele. Mengine yalikuwa na ndama.

Nilipochora moto unatoka mdomoni, wakaniuliza unapika nini. Nikawaambia haupiki kitu, ni moto tu. Wakanionea huruma. Huku kuni zinafuatwa mbali, nani anawasha moto wa bure? Basi kila mmoja akachora mafiga matatu na chungu mbele ya mdomo wa joka lake.

Nilicheka mpaka machozi. Sikujua linalokuja.

Kuna mtoto anaitwa Editha. Tangu Januari hajawahi kutamka neno darasani, kwa lugha yoyote. Si kiziwi, si mgonjwa. Anaangalia tu. Anaishi na bibi yake, mama mmoja mtu mzima anayeheshimika sana kigangoni, kanisani kwetu. Ijumaa ile Editha alifika nyumbani, akaokota kipande cha mkaa, akachora joka ukutani, ukuta ambao bibi alikuwa ameusiriba upya wiki hiyohiyo.

Jumanne asubuhi bibi alikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu kabla yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia dirisha. Akasema mwalimu anafundisha watoto kumchora Shetani. Ufunuo uko wazi: joka ni yule nyoka wa zamani, adui wa Mungu. Wazazi wengine walikuwa nyuma yake wanatikisa vichwa. Mwalimu Mkuu, ambaye hapendi kelele, akaamua kwamba Ijumaa wazazi waje wajionee darasani, na wakikataa, kipindi cha kuchora kitafutwa chote. Si joka tu. Chote.

Nikikasirika huwa nafuta ubao. Siku ile niliufuta ubao usio na kitu.

Na nikiri hapa, kwa kuwa hapa sidanganyi: Jumatano niliogopa. Nilijizoeza kuchora samaki. Nilipanga kuwaambia wazazi kwamba lile joka lilikuwa samaki aliyeharibika. Alhamisi nikajionea aibu, nikaichana ile karatasi ya samaki. Kama kipindi kitakufa, kife na joka lake.

Leo wazazi walijaa, wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Tukaanza kwa sala. Bibi ndiye aliyesalisha, na alimwomba Malaika Mikaeli, yule aliyepigana na joka, kwa sauti ya juu, jicho moja kwangu. Nikajua nimeula wa chuya. Nikauliza nani atatuonyesha joka lake. Watoto wale wanaonipigia kelele wiki nzima walikuwa wameinamia meza.

Editha akainuka.

Alikuja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu bila kuomba. Akachora kiazi. Akachora msumeno, mstari mmoja, bila kuinua mkono. Jani la mgomba, pembe, kiwele, moto, mafiga, chungu. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

Bibi akasimama. "Editha, hicho ni kitu gani?"

Akajibu. Kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nzito kidogo kuliko nilivyodhani.

"Ni joka letu. Linapika maharage."

"Maharage ya nani?"

"Yako, bibi. Usiende tena kutafuta kuni. Mguu wako unauma."

Bibi alimtazama mjukuu wake, akautazama ubao, akamtazama tena. Midomo ilimcheza. Kisha akawageukia wazazi wenzake na kusema polepole, "Shetani hajawahi kumpikia mtu maharage."

Darasa likalipuka. Mwalimu Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Akatangaza kipindi kinabaki, akaongeza nusu saa, na nitamkumbusha hiyo nusu saa Jumatatu kabla hajasahau. Bibi akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwarimu," akasema, "hicho chungu mwambie akiongeze. Nyumbani tuko tisa."

Najua kwamba mtu mzima anapaswa kuwa na kiasi anaposhinda. Sina kiasi leo. Miezi kumi na moja nimemwimbia yule mtoto, nimembembeleza, nimemsubiri, na usiku mwingine nimejiuliza kama mimi ni mwalimu kweli. Leo amesema mbele ya kijiji kizima, na alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa upendo. Nimelia njia nzima kurudi nyumbani, na namshukuru Mungu kwa mvua ile, maana hakuna aliyegundua.

Wakati wa kutoka, Editha alinivuta sketi mlangoni.

"Mwalimu, kesho tunachora nini?"

Kesho ni Jumamosi, shule imefungwa. Sikumwambia. Nilimwambia achague yeye.