Msimjibie Baba

Uingereza, wakati wa baridi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Umeamkaje huko Ilula, na magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila vidole vimekauka kwa baridi, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Barua uliyomwandikisha kaka Benedikto imefika. Niliisoma, nikalia, nikaisoma tena. Kwamba tangu Baba aanguke sokoni Mwanjelwa alikopeleka vitunguu, mkono wa kulia umelegea na kinywani limebaki neno moja tu, "basi". Akitaka maji, "basi". Akiulizwa kama ameshiba, "basi". Na kwamba baba mdogo anawaita wazee wa ukoo baada ya mavuno ili shamba apewe yeye, kwa kuwa kaka yake "hana akili tena". Hapo nilikasirika, Mama. Mtu aliyeshindwa hata kufuga kuku, leo ndiye anayepima akili za watu!

Nisikilize. Unajua nilikuja kusomea uuguzi. Sasa wamenipanga kwa wataalamu wanaochunguza ubongo: mtu anakumbukaje, anafikirije, neno analipata wapi. Hawapasui kichwa. Wanakaa na mgonjwa mezani, wanamwonyesha picha, mimi nazipanga. Yupo mzee mmoja, seremala, aliyepatwa na kiharusi kama Baba. Picha ya kijiko hawezi kuitaja. Lakini ukimwambia, "Nionyeshe kitu cha kunywea supu," kidole kinakwenda palepale. Daktari akaniambia, "Sista, huyu anatuelewa. Palipoumia ni pale pa kutolea maneno." Kwa watu wengi pahali hapo pako upande wa kushoto wa ubongo, upande unaotawala mkono wa kulia. Ndiyo sababu vyote viwili vimemwacha Baba kwa pamoja.

Siku moja mke wa yule mzee alikuja, akawa anamfunga vifungo vya koti huku akiimba wimbo wa kanisani. Mzee akauimba naye, maneno yote. Nilishika zile picha nikashindwa kuzipanga. Wataalamu wanasema kuimba kunategemea zaidi upande wa pili, ambao haukuumia. Sasa wanamfundisha kuomba maji kwa kuimba, wakimgongagonga mkono wa kushoto taratibu. Juzi aliomba. Sikudanganyi, Mama, si wote wanaofika hapo, na wengine hubaki na maneno machache tu.

Benedikto anasema nyumba yetu imekuwa kimya. Majirani hawaji tena kulima pamoja kwa mgowe shambani kwetu, eti nyimbo zitamsumbua mgonjwa. Mgeni akimsalimu Baba, unaitikia wewe haraka ili asiaibike. Najua ni heshima, kwetu mgonjwa hutunzwa hivyo. Lakini heshima hiyo inamziba mdomo. Si yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo za mgowe, watu wakilima huku pombe ikiwangoja? Hata shamba la ujamaa lilipoanza, ni yeye waliyemwita aimbishe. Rudisheni mgowe kwetu. Mtoeni na kiti chake, anzeni wimbo wake, mkifika katikati mnyamaze. Mgongeni ule mkono wa kushoto, kisha msubirini.

Na wazee wakija, wasimuulize maswali ya kujibu kwa mdomo. Wamwambie aonyeshe kwa mkono: mpaka wa shamba uko wapi, jembe lake ni lipi, mkewe ni nani. Wataiona akili yake.

Naogopa, Mama. Naogopa kwamba atakaa hapo kitini akiwasikia mkigawana vitu vyake, na asiweze kusema lolote ila "basi".

Msalimie shangazi anayekusaidia kuchota maji. Baba mdogo naye msalimie, hasira zikinipoa. Benedikto, mwandishi wetu, asome barua hii kwa sauti mbele ya Baba, na akifika hapa asimame, amtazame usoni, kwa kuwa salamu ya mwisho, ya kikwetu, ni yake aiitikie.

Kamwene, Baba.

Mama, usimjibie. Msubirini.

Binti yenu,
Skolastika