Diski za Da Rehema

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshuka kwenye treni Silver Spring, huku Marekani, saa mbili kasorobo asubuhi. Mashine ya majaribio imeganda tena. Mara ya tatu. Diski zinaandika vizuri, halafu kimya. Bosi anasema ni mbovu, na aliyezichagua ni Da Rehema, Mtanga wetu anayepima mashine. Draiva, programu inayoongea na hizo diski, niliiandika mimi. Nikanyamaza. Draiva nilijifundisha kwenye simu nikiuguza wazee wa watu Takoma Park. Kunyamaza sikuhitaji somo.

Jumanne, 4 Machi

Da Rehema amebadilisha diski zote. Imeganda. Bosi ameamua kumwachisha kazi: Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho, na kampuni italeta diski za aina nyingine. Da Rehema akanigeukia. "Mkenya weye, hebu itazame hiyo draiva yako, isije ikawa ndo mchawi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Kawaida draiva yangu hulala hadi diski ipige hodi: kazi imeisha, njoo uchukue. Hodi hiyo huitwa interapti. Leo nimeikataza kulala. Inachungulia mlangoni bila kupumzika. Haikuganda hata mara moja. Lakini prosesa inachemka bure, feni inalia kama helikopta.

Basi diski ni nzima. Kinachopotea ni hodi. Na mpokea hodi ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiona. Mistari miwili, mpangilio mbaya. Hodi ikija, nakusanya majibu yaliyofika, kisha nafuta alama ya hodi. Jibu likiingia katikati, alama yake nayo inafutika. Mimi nalala, diski inangoja. Adabu tele, kazi hakuna. Ningefuta kwanza ndipo nikusanye, anayechelewa angebisha upya.

Kwetu Nyeri mgeni haji peke yake. Ukimkaribisha mmoja, unachungulia nyuma yake kabla ya kufunga mlango. Kwenye mashine nilisahau malezi.

Nikirekebisha kimya kimya, sifa itaenda kwa diski mpya, na Da Rehema nyumbani. Nikisema, mimi mwenyewe bado niko kwenye kipindi cha majaribio.

Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia kwa bosi na koti mwilini. Da Rehema alikuwepo, anarudisha funguo. Nikawaonyesha. Mistari ya zamani: imeganda. Mipya: inakwenda, feni kimya. Bosi akauliza nimejua lini. Nikasema jana. Ukweli ni Jumatano.

"Kumbe wanitazama tu nikizama, kaka?" Da Rehema akasema, kwa Kiswahili, ili bosi asielewe.

Anabaki. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, na kila mstari wangu utapita kwake kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Manyunyu. Da Rehema amenirudishia kazi mara nne, bila salamu. Ya tano akaipitisha. Kisha akasogeza mkoba wake kutoka kiti cha pembeni yake. Nikakaa. Tumetazama namba za majaribio zikipita hadi saa kumi na moja jioni.